Gracq hakukataa tuzo kwa maringo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimtetee marehemu asiyeweza kujitetea. Toleo lenu lililopita lilimtaja mwandishi wa Ufaransa, Julien Gracq, kwa mstari mmoja tu: kwamba mwaka 1951 aliikataa Tuzo ya Goncourt, tuzo kubwa ya fasihi nchini kwao, kwa maringo. Kuikataa, aliikataa. Maringo ndiyo nisiyoyaona.

Gracq alikuwa mhakiki pia, na uhakiki wake uliitangulia tuzo hiyo. Mwanzoni mwa 1950 alitoa makala kali, La Littérature à l'estomac, akilalamika kwamba Wafaransa wengi wana la kusema juu ya vitabu wasivyovifungua, na kwamba kelele za tuzo zinamshushia mwandishi hadhi. Mwaka uliofuata riwaya yake, Le Rivage des Syrtes, ikaanza kutajwa kuwa huenda ikashinda. Akaandika gazetini, kabla ya kura kupigwa, kwamba hagombei na hataipokea. Majaji wakampa hivyo hivyo, tarehe 3 Desemba. Mlitaka afanyeje? Angeipokea, yale aliyoyaandika yangebaki na maana gani?

Mtu wa maringo haishi alivyoishi yeye. Jina lake halisi ni Louis Poirier, mzaliwa wa Saint-Florent-le-Vieil, kando ya mto Loire, mwaka 1910. Wachapishaji wakubwa Gallimard waliikataa riwaya yake ya kwanza. Akaitoa 1938 kwa José Corti, mchapishaji mwenye duka la vitabu Paris, na hakumwacha hata alipopata jina. Kuanzia 1947 hadi 1970 alifundisha historia na jiografia katika shule ya sekondari ya Lycée Claude-Bernard, na darasani alikuwa Bwana Poirier tu.

Nami nafundisha jiografia, na hapo ndipo aliponinasa. Katika Le Rivage des Syrtes, kijana Aldo anapelekwa kwenye ngome ya pwani inayotazamana na nchi adui. Vita baina yao havijapiganwa kwa miaka mia tatu, wala havijaisha. Kila mara Aldo anarudi chumba cha ramani kuutazama mstari mwekundu ambao meli zimekatazwa kuuvuka. Nimesomesha ramani miaka mingi, Mhariri, na sijaona pengine mstari wa wino ukimtia mtu hamu namna ile.

Lipo ninalomlaumu. Aligoma vitabu vyake visichapwe katika matoleo ya bei nafuu. Mwanafunzi asiye na fedha angevipata wapi? Hilo siwezi kumtetea.

Lakini mkimtaja tena, anzeni na kitabu chake cha uhakiki, En lisant en écrivant cha 1980, anamowajadili waandishi wakubwa wa Ufaransa, Stendhal, Balzac, Flaubert na Proust kama msomaji aliyekaa nao miaka mingi na asiyemwogopa yeyote kati yao. Alifariki Desemba 2007, akiwa na miaka 97. Habari ya tuzo, iwekeni baada ya hayo.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa Jiografia, Tanga