Mkiandika "ametangazwa mshindi", tuambieni na nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni kinyozi, kibanda changu kipo Mwanga hapa Kigoma, na jambo ninaloliandikia lilianzia kwenye kiti changu cha kunyolea siku ya Jumatano, Novemba 6, mwaka 2024, siku moja baada ya Wamarekani kupiga kura ya rais.

Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Kitini alikaa mwalimu mstaafu, mteja wangu wa miaka mingi, nimeshamnyoa upande mmoja. Akaingia kijana wa bodaboda, simu mkononi, akasema Trump kashashinda, imetoka sasa hivi. Mwalimu akamjibu kwamba ametoka kusikiliza redio nyumbani na redio imesema bado. Kijana akamwonyesha simu. Mwalimu akasema simu siyo Tume ya Uchaguzi. Waliokaa kwenye benchi wakagawanyika, maneno yakapamba moto, nikazima mashine maana hakuna aliyekuwa akimsikia mwenzake. Ndipo mwalimu akageuka, kitambaa bado shingoni, akamuuliza yule kijana: "Haya, kashinda. Nani kamtangaza?"

Kijana hakuwa na jibu. Mimi nami sikuwa nalo, na magazeti nayasoma tangu nikiwa darasa la tano.

Magazeti yalipofika nikanunua mawili. Lenu liliandika kwamba Trump "ametangazwa mshindi", kurasa mbili nzima na picha kubwa, lakini nilisoma mpaka mstari wa mwisho sikuona aliyemtangaza. Lile jingine, ambalo sitalitaja, liliandika kwamba "Tume ya Uchaguzi ya Marekani" ndiyo iliyomtangaza. Nikalikata nikalibandika ukutani. Mwalimu alipokuja Jumamosi akalisoma, akaridhika. Hapo ndipo ninapoumia, Mhariri, kwa sababu habari ile haikuwa kweli, na mzee wa watu aliichukua kwangu akaenda nayo kijiweni kwake.

Tulikuja kujua baadaye, binti yangu anayesoma chuo alipotutafutia maandishi na mwalimu akatusomea Kiingereza chake taratibu. Marekani hakuna tume inayomtangaza rais. Ipo tume ya shirikisho yenye neno "uchaguzi" katika jina lake, lakini kazi yake ni kusimamia fedha za kampeni. Uchaguzi wenyewe umeachiwa majimbo, na kuhesabu kunafanyika kwenye kaunti, ambazo ni zaidi ya 3,000, kila moja na ofisi yake. Kila jimbo linathibitisha matokeo yake kwa wakati wake. Desemba wajumbe wa majimbo, ambao ndio wanaomchagua rais rasmi, wanapiga kura 538, anayefikisha 270 ndiye rais, na Bunge linazihesabu Januari 6. Toka Novemba mpaka Januari ni miezi miwili. Miezi yote hiyo, neno ambalo nchi nzima inalishika, ambalo wagombea wanalitumia kupigiana simu za pongezi na marais wa nchi nyingine wanalitumia kutuma salamu, ni neno la vyombo vya habari.

Mojawapo ni shirika la habari la Associated Press, wenyewe wanaliita AP, lililoanzishwa mwaka 1846 na magazeti ya New York yaliyochangiana gharama za kupata habari za vita vya Mexico. Uchaguzi wa 1848 likakusanya matokeo kwa simu ya maandishi, na halijaacha mpaka leo. Usiku wa uchaguzi linaweka watu wapatao 4,000 kwenye ofisi za kaunti, kila mmoja anaangalia namba zikitoka na kuzituma kwa simu makao makuu.

Hilo nalielewa vizuri kuliko yote, kwa sababu mwaka 2005 nilikuwa wakala wa chama kwenye kituo kimoja cha kura. Tulihesabu kwa taa ya chemli. Fomu ya matokeo ilipobandikwa mlangoni niliinakili kwenye daftari la mazoezi la mwanangu, nikaisoma mara mbili kwa sauti, mwenzangu akiifuata kwa kidole. Sasa chukua mtu kama mimi, mmoja asimame Uvinza, mwingine Kasulu, mwingine Buhigwe, mwingine Kakonko, wote wapige simu sehemu moja ambako kuna anayejumlisha. Hapa kwetu anayejumlisha na kutangaza rais ni Tume peke yake, hivyo tunaposikia "ametangazwa" kichwani tunaiona Tume. Mwandishi asipotuambia, tutaiweka Tume hata mahali isipokuwepo.

Na ugomvi wa siku ile kibandani, wote wawili walikuwa sahihi! Kituo cha Fox News kilimtangaza Trump saa kadhaa kabla ya AP. Simu ya kijana ilikuwa na habari ya Fox. AP walisubiri jimbo la Wisconsin, kwa sababu wao hutangaza pale tu wanapoona aliye nyuma hana tena njia ya kumfikia aliye mbele, na walipotangaza kwao ilikuwa kumi na moja na nusu alfajiri, huku kwetu saa saba na nusu mchana. Mwalimu alishaondoka zamani, kichwa kimenyolewa, moyo haujatulia.

Mtu anaweza kusema haya ni madogo, mshindi si ni yule yule. Mwaka 2000 nusura yasiwe madogo. Waligombea urais Al Gore na George W. Bush, na vituo vya televisheni vilitangaza kwamba Gore ameshinda jimbo la Florida, vikafuta. Usiku wa manane vikatangaza kwamba ni Bush, na kwa hiyo Bush ni rais. Gore alipoona hivyo alimpigia Bush simu kumpongeza, akaingia kwenye gari kwenda kuwaaga wafuasi wake waliokuwa wakimsubiri kwenye mvua mjini Nashville. Njiani wasaidizi wake wakapata habari kwamba namba za Florida zinakaribiana mno. Akasimamishwa kabla hajapanda jukwaani, akampigia Bush tena na kuirudisha pongezi yake. Vituo vikafuta mara ya pili. Mwishoni tofauti ilikuwa kura 537 katika kura karibu milioni 6, na kesi ilimalizwa na Mahakama ya Juu mwezi Desemba. Ninapomfikiria yule bwana ndani ya gari, mvua inanyesha, namwona mtu aliyetaka kukubali kushindwa kwa sababu ya sauti ya mtangazaji. AP hawakumtangaza Bush usiku ule. Walikaa na namba zao.

Gazeti la Chicago Daily Tribune nalo mwaka 1948 liliandika ukurasa wa mbele kwamba mgombea Dewey amemshinda Rais Truman. Wapiga chapa walikuwa kwenye mgomo, gazeti likalazimika kwenda mtamboni mapema kabla kura hazijaeleweka. Truman alishinda, na akiwa ndani ya treni kwenye stesheni ya St. Louis akalinyanyua gazeti lile juu mbele ya wapiga picha. Picha hiyo ipo hadi leo.

Mwenye neno zito namna hiyo lazima agombane na watawala, na hilo nalo hamkutueleza vya kutosha. Februari 2025 Ikulu ya Marekani iliwazuia waandishi wa AP kuingia ofisini kwa rais na kwenye ndege yake, kwa sababu shirika lilikataa kuacha kuiita Ghuba ya Mexico kwa jina lake na kufuata jina jipya alilotoa Trump. AP wakaenda mahakamani. Ni shirika lile lile lililoitangazia dunia ushindi wake miezi mitatu kabla! Nilisoma habari hiyo mahali pafupi sana, mistari minne pembeni mwa tangazo la simu. Ingeandikwa pamoja na haya ya kuhesabu kura, hata kijana wa bodaboda angeelewa kwa nini ni habari kubwa.

Mhariri, ninyi mnajua haya, na mna waandishi waliosomea. Sisi wa mwisho wa reli tunategemea mstari wenu. Novemba 3, 2026 Wamarekani wanachagua wabunge wote 435 wa Baraza la Wawakilishi na theluthi ya maseneta, na matokeo yatatangazwa kwa mtindo ule ule, usiku kucha, viti vingine mpaka baada ya siku kadhaa. Naomba chini ya kila kichwa cha habari mtuwekee mstari mmoja: katangaza nani, saa ngapi kwa saa za kwetu, na kipi bado hakijathibitishwa. Vyombo viwili vikipishana, andikeni kwamba vimepishana. Tutaelewa.

Kile kipande cha gazeti cha 2024 bado kipo ukutani, kulia kwa kioo, kimeanza kuwa cha njano. Sikukibandua. Nimelikata neno "Tume" kwa kalamu nyekundu na juu yake nimeandika "AP, saa saba na nusu mchana". Mwalimu alishika kiti changu kisiyumbe nilipopanda kuandika.

Kinyozi wa Mwanga,
Kigoma.