Kwa nini hawakwenda moja kwa moja

Kwako rafiki yangu mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na pole kwa kusubiri jibu. Barua yako niliipata salama, na tangu niisome lile swali lako la mwisho halijanitoka kichwani: kama safari ni ya Mwezini, ya nini kwanza kuizunguka Dunia? Unaona ni kupoteza muda na mafuta. Nimefurahi umeuliza, maana kwangu hapo ndipo penye utamu wa habari yote, na wasimulizi wengi hupapita mbio.

Njia ile ya kwanza huitwa obiti ya kuegesha. Roketi hukipandisha chombo hadi kimo cha chini tu, injini ikazimwa, chombo kikabaki kinaizunguka Dunia kwa kasi ya karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika 88. Baadaye injini huwashwa tena, na hapo ndipo safari yenyewe inapoanza. Apollo 11, Julai 1969, iliegesha kwenye kimo cha kilomita 185 hivi, ikazunguka mara moja na nusu, kisha sehemu ya tatu ya roketi ya Saturn V ikawaka kwa karibu dakika sita na kuifikisha kwenye kasi ya kilomita 10.8 kwa sekunde.

Sasa sababu. Ukitaka kufika Mwezini, msukumo huo wa pili hutolewa karibu upande wa pili wa Dunia, mkabala na pale Mwezi utakapokuwa siku ya kuwasili. Na pale mahali hapatulii: Dunia inajizungusha, Mwezi nao unatembea, ilhali kituo cha kurushia hakihami. Ukirusha moja kwa moja, muda unaofaa unakuwa finyu mno. Wingu moja au vali moja yenye hitilafu, na siku imekwenda. Ukiwa na obiti ya kuegesha, ukichelewa ardhini unageuza kidogo uelekeo wa kurusha, halafu unasubiri huko juu mpaka chombo kifike mahali panapotakiwa. Ndiyo maana siku ile Apollo 11 ilikuwa na zaidi ya saa nne za kuweza kuondoka. Setilaiti za mawasiliano, zile zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, nazo mara nyingi husubirishwa hivyo hivyo mpaka zivuke ikweta ndipo injini iwashwe.

Lakini sababu ninayoipenda kuliko zote ni Apollo 12. Iliondoka tarehe 14 Novemba 1969 katikati ya mvua. Sekunde 36 baadaye ikapigwa na radi, na sekunde ya 52 ikapigwa tena. Seli zilizokuwa zikitoa umeme zikajikata kwenye mfumo, taa za tahadhari zikawaka chungu nzima, na kifaa cha kushika mwelekeo wa chombo kikapoteza mwelekeo. Roketi yenyewe ilikuwa na kompyuta yake, ikaendelea kupanda bila kuyumba. Waongozaji wa safari huko Houston walikuwa wakipokea takwimu zisizo na maana yoyote, mpaka mmoja wao, John Aaron, kijana wa miaka 26, akakumbuka swichi moja ambayo wengi hawakuijua. Mwanaanga Alan Bean akaifikia ndani ya chombo, takwimu zikarudi. Fikiria sasa kama wangekuwa tayari wanakimbilia Mwezini! Badala yake walikuwa wameegesha. Mwenzake Dick Gordon akazitafuta nyota kwa darubini na kukirekebisha kifaa cha mwelekeo, wakakagua mfumo mmoja baada ya mwingine, ndipo wakaruhusiwa kuondoka. Siku chache baadaye Bean na kamanda wao, Pete Conrad, walikuwa wanatembea juu ya Mwezi.

Si kwamba kusubiri huko ni bure. Chombo kikiwa kwenye obiti na injini imezimwa, mafuta hayatulii chini ya tangi. Yanaelea, na pampu ikivuta gesi badala ya kimiminika, injini haiwaki. Hidrojeni nayo, ambayo ndiyo mafuta yenyewe, ya nyuzi 253 chini ya sifuri, inachemka muda wote. Wahandisi wa Saturn V waliigeuza shida hiyo kuwa msaada: gesi iliyochemka waliitoa kwa nyuma, ikakisukuma chombo taratibu na kuyatuliza mafuta mahali pake. Mimi naona huo ni ufundi wa hali ya juu kabisa.

Injini ikigoma kuwaka mara ya pili, basi tena. Tarehe 4 Februari 1961 chombo cha Kisovieti kilichokuwa kinaelekea Zuhura kilikwama hapo hapo. Siku nane baadaye mwenzake, Venera 1, akafanikiwa kuondoka. Vyombo vya Marekani, Ranger 1 na Ranger 2, vilikwama mwaka huo huo. Hata miaka ya karibuni, chombo cha Urusi, Phobos-Grunt, kilichorushwa Novemba 2011 hakikutoka, na Januari 2012 kikaanguka.

Utakuta watu wanaliita obiti ya kuegesha hata eneo la juu zaidi wanakopelekwa setilaiti zilizozeeka, kama kilomita 300 juu ya zile zinazofanya kazi. Mimi sikubaliani nao. Kule ni makaburini. Hakuna anayerudi kuwasha injini. Chombo kilichoegeshwa kina safari mbele yake.

Kuhusu mafuta unayohofia kupotea: karibu hakuna kinachopotea. Ile kasi ya kilomita 7.8 inabaki mkononi, na msukumo wa pili unaongeza zile 3 zilizobaki tu. Tena kuuwasha karibu na Dunia kuna faida kuliko kuuwasha mbali.

Niandikie ukipata nafasi. Kama lile la upande wa pili wa Dunia bado linakusumbua, niambie nikuchoree.

Ni mimi rafiki yako,
Tatu