Sheria ya AI ianze na sisi watu wa lebo

Kwako Mhariri,

Kila nikifungua gazeti lako siku hizi lazima nikutane na mtu anasema Kenya isiharakishe sheria ya AI (akili bandia), ati tukiweka masharti mengi kampuni zitabeba kompyuta zao ziende kwingine na vijana wabaki mtaani. Mimi nimefanya hiyo kazi inayosemwa itahama. Naandika kwa sababu naona wanaoongea ni mawakili, wabunge na wenye kampuni, lakini mtu wa lebo, yule anayeiwekea AI alama za kuifundisha kitu gani ni kipi, hakuna anayemuuliza.

Kwa asiyejua, gari la kujiendesha halizaliwi likijua kutofautisha mama anayevuka barabara na nguzo ya stima. Kuna mtu amekaa na mausi anachora boksi, hili gari, huyu mtu, hii baiskeli, picha baada ya picha, na mimi nimechora huko Embakasi zaidi ya mwaka mmoja. Barabara zilikuwa za Ujerumani, nilijua kwa vibao vya Ausfahrt, yaani njia ya kutokea kwa Kijerumani, na siku zingine theluji imefunika mistari yote na unatakiwa uchore mstari pale unapodhani upo, wewe ambaye theluji hujawahi hata kuigusa. Mwenye kazi ni nani hatukuambiwa, projekti ilikuwa na jina la kubandika tu na tulisaini karatasi ya kunyamaza. Kontrakti ni ya mwezi mmoja, ikiisha unangoja meseji, isipokuja basi. Kabla ya projekti mpya kuna mafunzo na mtihani na hizo siku hazilipwi, ukifeli unarudi nyumbani na nauli yako imeenda. Na bado sisi wa picha za magari tulikuwa na nafuu. Wenzetu wa maandishi na video walikuwa wanaangalia mauaji na mambo ya watoto shifti nzima, dada mmoja niliyekuwa napanda naye matatu alifika mahali hawezi kulala taa ikizimwa.

Sasa nije kwa hoja. Watu wanatutisha sana na sheria ya AI ya Umoja wa Ulaya, ile iliyoanza tarehe 1 Agosti 2024, ambayo faini yake ya juu inafika yuro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo ya kampuni dunia nzima. Nimeisoma, si yote, lakini kifungu cha 10 nimekirudia mara kadhaa kwa sababu kinagusa kazi yangu moja kwa moja: mwenye mfumo wa AI ambao sheria inauita wa hatari kubwa lazima asimamie vile data yake imekusanywa, imewekwa lebo, imesafishwa. Kwa hivyo Brussels, yaani hao wa Umoja wa Ulaya, wanajua lebo zipo. Wanataka kujua kama data iko sawa, ila aliyeiweka lebo alilipwa ngapi na alifanya kazi masaa mangapi hicho kifungu hakigusi. Hapo ndipo Kenya ingeandika yake, maana hao watu tuko nao hapa. Na hata kwa mtu anayejali biashara peke yake, lebo ya mtu aliyechoka anayewaza kontrakti inaisha Ijumaa ni lebo mbovu, QA (mkaguzi wa ubora) anairudisha, unaifanya upya, mteja anachelewa. Nimeziona nyingi sana.

Kuhusu kampuni kuhama sitadanganya, inatokea. Daniel Motaung, aliyekuwa mchujaji wa posti za Facebook, alienda kortini Nairobi 2022, mwaka uliofuata Sama, kampuni ya hapa iliyokuwa imemwajiri, wakaacha kabisa kuchuja posti hizo na wachujaji 184 nao wakashtaki. Baadaye tukasikia kazi kama hiyo iko Ghana, na 2025 malalamiko yale yale ya maumivu ya akili na mshahara mdogo yakatoka huko Accra. Kwa hivyo tukilegeza sisi, Ghana wataambiwa nao walegeze zaidi, halafu tutashindana mpaka lini? Umoja wa Afrika una mkakati wake wa AI tangu Julai 2024, hapo ndio nchi zingekubaliana kiwango ambacho hakuna atakayeshuka chini yake.

Kilichoniuma hasa ni kwamba Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema Meta, wenye Facebook, inaweza kushtakiwa hapa Kenya, na mwaka huo huo kukaletwa mswada Seneti wenye kipengele cha kumkinga mwenye kazi asishtakiwe na watu walioajiriwa na kampuni ya katikati. Yule mwenye pesa, anayepanga bei na muda wa kila taski, ndiye anatolewa! Na kuna pendekezo la sheria la 2023 lililotaka watu wa roboti na AI wapate leseni kwanza, maana yake kijana wa kampasi na laptop moja ndiye angebanwa. Huo ni mlango usio wenyewe.

Na msiseme sheria lazima iue biashara, tuliona kwa zile app za mikopo. Walikuwa wanapigia mama yako, bosi wako, mpaka mtu mliachana zamani, mpaka Benki Kuu ikaleta masharti Machi 2022. Kufikia Septemba walioomba leseni walikuwa 288, waliopata 10. Leo wenye leseni wamepita 100 na watu bado wanakopa.

Ninachoomba kiandikwe ni kontrakti isiwe ya mwezi mwezi kwa kazi inayoendelea mwaka mzima, mafunzo na mitihani ilipwe, anayeangalia uchafu apate mshauri nasaha wa kweli na si mtu wa HR, na mwenye kazi aliye ng'ambo awajibike pamoja na kampuni ya hapa. Mkakati wa taifa wa AI wa 2025 mpaka 2030 tayari upo, kwa hivyo mswada utakuja tu. Ukija, tafadhali wabunge wasikusanye maoni ya wananchi saa nne asubuhi kwa hoteli ya mjini. Shifti ya mchana Embakasi inatoka saa mbili usiku. Waje hapo, hata kwa ukumbi wa kanisa, tutakaa.

Aliyekuwa mtu wa lebo,
Nairobi