Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wafugaji Nyuki, Sikonge, Tabora

Ndugu wanachama, asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Karatasi ya hesabu mmegawiwa mlangoni na mweka hazina ataisoma mstari kwa mstari baada yangu, kwa hiyo tarakimu namwachia yeye. Mavuno yalikuwa mazuri. Waliokuwa wakichuna magome ya miyombo kutengenezea mizinga wamepungua sana, nami nawashukuru kwa dhati, maana mti uliochunwa gome kuuzunguka haupati mwaka mwingine wa kutoa maua. Hayo yanatosha. Leo nataka nizungumze habari ya mvinyo na kisima.

Mtakumbuka mkutano uliopita kijana wetu mmoja alisimama akatueleza kwamba ng'ambo wapo watengenezaji wa wiski wanaotoa chupa za toleo maalumu, sehemu ya mauzo ikaenda kuwapatia watu maji safi ya kunywa. Akauliza kwa nini nasi tusitengeneze wiski ya asali. Siku ile nilimkatiza, na leo namwomba radhi na kumjibu inavyostahili. Wiski hutokana na nafaka: shayiri, mahindi, ngano, rai. Ile ya Scotland ni lazima ilale kwenye mapipa ya mwaloni si chini ya miaka 3. Kinachotokana na asali ni kinywaji kingine. Tena kupika pombe ya moshi bila leseni ni kosa la jinai, na sote tunazijua nyumba zilizobomolewa na gongo. Lakini moyo wa hoja yake ulikuwa sahihi. Ndipo tukarudi kwenye kile walichokijua wazee wetu, wanzuki, yaani mvinyo wa asali, tukautengeneza kwa usafi, tukaupeleka kupimwa, tukaujaza kwenye chupa zenye lebo na stempu ya kodi.

Hapa naomba mnivumilie kidogo. Asali iliyoiva ina maji kidogo mno, chini ya asilimia 20, ndiyo maana hukaa miaka bila kuchacha. Nyuki huipepea kwa mabawa mpaka maji yapungue, kisha huifunika kwa nta. Hamira haipati pa kuanzia. Ukiongeza maji, inaamka. Kwa hiyo kila chupa tuliyouza ilikuwa maji zaidi kuliko asali, na maji hayo yalikuja vichwani mwa akina mama kutoka lamboni, kule kule wanakonywea ng'ombe. Tuliyachuja, tukayachemsha, tukahakikisha hayana doa, kwa sababu mnunuzi wa mjini hatakubali vinginevyo. Nikiwa nimesimama pale jikoni nilimwona mtoto akichota kikombe kwenye ndoo ambayo haijachemshwa, akanywa, akakimbia kucheza. Sijalisahau jambo hilo hata leo.

Wapo kati yenu, Waislamu na Walokole, waliosema wazi kuwa fedha ya pombe isiguse maji ya kutawadhia wala ya kunywesha watoto. Sikuona kuwa wanachelewesha kazi. Niliona wana haki, na mzee wetu mmoja ndiye aliyetupatia njia: wasiotaka mvinyo walete asali mbichi, iuzwe peke yake, iwekwe kwenye daftari lake. Ndivyo tulivyofanya. Fedha ya mvinyo ilipima ardhi na kutoboa mwamba. Fedha ya asali mbichi ilinunua pampu na mabomba.

Sasa kosa letu. Mchimbaji wa kwanza alitushauri turuke upimaji ili tuokoe gharama. Tulikubali, na saini iliyoko kwenye mkataba ule ni yangu. Ardhi yetu imelala juu ya matale ya kale, yaani miamba migumu ya graniti, na maji yake yamejificha kwenye nyufa na kwenye tabaka la mawe yaliyooza. Ukikosea hatua chache unapata vumbi. Tulipata vumbi. Karibu nusu ya fedha ya mvinyo iliishia kwenye shimo lile, na imeandikwa hivyo hivyo kwenye karatasi, haikufichwa. Mara ya pili tulipima kwanza, tukiwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika kule Kigoma, kwa kuwa mito yetu huteremkia upande huo. Maji yalitoka. Hata hivyo hatukuruhusu mtu kunywa mpaka majibu ya maabara yaliporudi, na nawashukuru akina mama waliosubiri wakiwa na ndoo tupu mbele ya pampu inayofanya kazi.

Maji ya Ziwa Victoria yameshafika Tabora mjini, na Mungu akipenda bomba litafika kwetu pia. Lakini pampu hii inahitaji mipira mipya sasa hivi, na kamati ya maji ya kijiji haina akiba ya vipuri.

Kwa hiyo ninaleta maombi mawili. La kwanza, mniruhusu tutoe mvinyo kwa mwaka wa pili, kwa madaftari mawili kama mwanzo, bila kumkopesha mtu na bila kumuuzia aliye chini ya miaka 18. La pili, saini ya mwenyekiti peke yake isitoshe tena kwa mkataba wowote wa uchimbaji. Ziwe tatu, na mojawapo iwe ya mama anayechota maji pale. Katibu ana karatasi za kura.