Barua ya wazi kwa Gavana wa Nakuru: Kanisa la Mai Mahiu linahitaji mkaguzi kabla ya harambee

Mheshimiwa Gavana,

KUH: KANISA DOGO LA WAITALIANO, MAI MAHIU

Salamu kutoka Naivasha. Msafara wako unapoteremka Bonde la Ufa kwa barabara ya chini, ukishawapita wauza kofia za ngozi ya kondoo, unalipita kanisa hilo. Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita Waitaliano, wale wale waliotengeneza barabara. Ndani wanaenea watu wachache mno. Kwa harusi za huku kwetu, shangazi za bwana harusi pekee wangejaza benchi zote.

Sisi waumini tunataka kulichangia likarabatiwe na kutunzwa. Kuchanga hakutushindi. Ninachohofia ni pesa zitakazopatikana kabla hatujajua za kazi gani. Kamati ikipata laki tatu leo, kesho saruji inashushwa, keshokutwa ukuta unang'aa rangi ya mafuta. Ukuta wa mawe wa zamani hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole kupitia chokaa. Ukiupiga saruji, unyevu hukwama ndani, plasta hubanduka, na picha zilizochorwa juu yake huondoka nayo. Mafundi wanaojua kuchanganya chokaa siku hizi ni wa kutafutwa. Na maji ya mteremko huu tunayajua: tulizika majirani baada ya mafuriko ya Aprili 2024.

Ombi langu ni moja. Kaunti igharimie ukaguzi. Waandikie Makavazi ya Kitaifa ya Kenya watupatie mtaalamu wa majengo ya kale, atuandikie kinachohitaji kutengenezwa, kwa vifaa gani na kwa bei gani. Akutane pia na wahandisi wanaopanua barabara ya Rironi–Mai Mahiu–Naivasha, wakubaliane mitaro ipite wapi. Tukipata ripoti hiyo, tutaibandika parokiani pamoja na nambari ya paybill, na hesabu zisomwe kila mwezi baada ya Misa. Hata ubalozi wa Italia tutauendea tukiwa na kitu mkononi.

Bahasha usituletee, tafadhali. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi lilikataa mchango wa Rais mwenyewe. Sioni paroko wa huku atakayetaka kujibu maswali kuhusu pesa za wanasiasa. Mkaguzi hana ubishi.

Na aje wakati wa masika, mvua ikinyesha, aone maji yanaingilia wapi.

Wako,
Muumini Mkatoliki, Naivasha