Kwa mdogo wangu, kuhusu lile sinia

Mdogo wangu,

Salamu zangu za Idi hukuzijibu, kwa hiyo nakuandikia hapa, mahali ninapojua kuwa hupita kimyakimya.

Hitima ya Baba bado ninayo machoni. Tulikuwa wanne kwenye sinia moja, nikakusogezea minofu upande wako na kusema, shangazi zetu wakisikia, kwamba watu watadhani London hakuna chakula. Wewe, ambaye tangu utotoni ulizungumza huku ukitazama mkeka, ukaniangalia usoni ukasema: "Dada, naumia unaponisema kwa kula kwangu mbele za watu. Naomba uache." Kisha ukaenda kunawa. Hukupaza hata sauti, na hilo ndilo lililonichoma, kwa kuwa nilitambua kwamba maneno yale yalikuwa yamefanyiwa mazoezi.

Baadaye ulinieleza mnavyofundishwa kwenye kliniki yenu ya matatizo ya ulaji: mnaketi kikundi na kuigiza mazungumzo magumu, mmoja akiwa mama, mwingine akiwa dada, mkijifunza kuitaja hisia kwa jina lake, kukataa bila ugomvi na kuomba msaada kabla ya kujifungia chumbani. Ulisema kwamba kwako ilikuwa rahisi kulinyima tumbo kuliko kumwambia mtu hapana. Nimesoma pia habari za wale vijana 36 wa Minnesota, Marekani, ambao mwaka 1945 walipunguziwa chakula kwa majuma 24 ili wataalamu waone njaa inamfanya nini binadamu. Walikuwa wazima wa afya, lakini wakawa wakali, wakapoteza hamu ya mzaha na kujitenga na wenzao. Nami miaka yote nilikuita mwenye kiburi.

Hata hivyo, usiyategemee mafunzo hayo ya kuigiza peke yake; ni nyongeza tu, hayashiki nafasi ya milo uliyopangiwa wala ya daktari wako. Na waliokufundisha la kusema wangekufundisha pia pa kulisemea. Ungeniita chumbani! Nilikuwa nimemuuguza Baba miezi minane peke yangu, sikulala, na minofu ile nilikuwekea kwa sababu ndiyo uliyokuwa ukiipenda, siyo kwa sababu ya shangazi.

Basi, kidogo ilikuwa kwa sababu ya shangazi.

Jana nilijaribu lile igizo lenu mbele ya kioo cha Mama. Nikifika kwenye "nisamehe", naanza upya kueleza habari za minofu.