Mheshimiwa Waziri wa Mipango, sindano zimeisha

Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ni nesi, niko chumba cha uzazi wa mpango mwaka wa 11 sasa. Hotuba yako niliisikiliza yote huku najaza rejesta, ukasema watu wazae kwa akili maana uchumi haukui kwa kasi ya watu. Hesabu zako sizikatai. Watu wakiongezeka asilimia 3 kwa mwaka basi ndani ya miaka 23 hivi wameshakuwa mara mbili, yaani kila darasa na kila kitanda cha wodi kinatakiwa kiwe viwili na hapo hali haijawa nzuri zaidi hata kidogo, iko vilevile.

Ila ulivyoongea ni kama vile kina mama wanazaa kwa sababu hawajasikia hotuba. Hapo ndo tunapishana.

Wiki iliyopita kaja mama mmoja, wa umri wangu tu, watoto hai 4, wawili kawazika. Nikamuuliza ulitaka wangapi, akanijibu "nilitaka wanne, ndo maana nikazaa sita". Hiyo ndo hesabu yenyewe mheshimiwa, huyo mama hajakosea popote. Mahali watoto wanapokufa watu wanazaa na wa akiba, chanjo zikifika vifo vinashuka kwanza alafu uzazi unashuka baadae sana mpaka watu waamini kweli kwamba watoto watapona, na hapo katikati ndo idadi inaporuka. Kwaiyo ukiona watu wameongezeka ghafla usikimbilie kulaumu kina mama, mara nyingi ni watoto wameacha kufa, jambo ambalo mimi nalipigia makofi.

Watu wako najua watakutajia China na sera yao ya mtoto mmoja kwa familia. Sawa, lakini wakwambie na hii: kabla sera haijaanza mwaka 1979 kuelekea 1980 wanawake wa China walishashuka toka watoto karibu 6 mpaka chini ya 3, ndani ya miaka kumi tu. Alafu serikali ikaja kuruhusu wawili 2016, ikaruhusu watatu 2021, na watoto wakaendelea kupungua hivyohivyo. Romania nao 1966 walipiga marufuku kutoa mimba ili watu waongezeke, mwaka uliofuata watoto wakawa karibu mara mbili, kisha wanawake wakatafuta njia zao za uchochoroni na wengi wakafa. Amri haikai chumbani na mtu.

Mimi nikikutajia nakutajia Bangladesh. Miaka ya 70 mwanzoni mwanamke alikuwa anazaa karibu watoto 7, nchi maskini kabisa, na hawakusubiri watajirike, walituma wanawake wenzao nyumba kwa nyumba na vidonge na sindano mkononi, wasichana nao wakaingia shule, wakaingia viwandani. Leo ni kama watoto 2.

Faida ya uchumi unayoisema ipo kweli, uzazi ukishuka mnapata miongo kadhaa ambayo wafanyakazi ni wengi na wa kulishwa ni wachache, Korea Kusini waliitumia vizuri wakapaa. Ila walikuwa na kazi za kuwapa hao vijana! Bila kazi ni vijana wengi kijiweni basi. Na haidumu, hao hao wanazeeka, Korea walitoka watoto 6 kwa kila mwanamke mwaka 1960 wakafika 0.72 mwaka 2023 na sasa serikali inamwaga hela watu wazae na wengi bado wamegoma. (Nao nahisi hotuba wamesikia nyingi.)

Sasa yule mama. Alitaka sindano ya miezi mitatu, kijiti hataki kwa sababu mumewe atakiona kwenye mkono. Nimefungua kabati, hamna. Hii ni wiki ya saba hamna. Nikampa kondomu, akanitazama tu kama vile namtania, akaziacha mezani akaondoka, na kwenye rejesta safu ya huduma aliyopata nikaandika "hakuna" kama nilivyoandika kwa wengine 14 siku hiyo.

Oda tulishatuma mara mbili. Wanasema inasubiri saini ya juu. Mheshimiwa, huko juu ni kwako au kwa nani?